Kipozeo cha Maji cha Shamsa

Kabla ya lolote niweke mpaka, kama tunavyopanda masale kutenganisha kihamba, shamba la ukoo, na kihamba cha jirani. Upande wa huku yako niliyoyaona kwa macho yangu: kompyuta ya Shamsa ikizimika mbele yangu, kipozeo cha maji kikigugumia kama chungu cha maharage, na watu wazima wakibishana juu ya njia ya maji ndani ya kasha la bati. Upande wa kule yako niliyoyasikia tu: kwamba vipozeo vya maji vya bei nafuu vyote huvuja, kwamba ndani yake hamna maji bali mafuta ya kupikia, kwamba huko Arusha kimoja kililipuka na kuunguza pazia. Pazia hilo sikuliona, wala sijakutana na mtu aliyeliona. Kila niliyemuuliza alikuwa ameambiwa na shemeji yake. Nitakayoyaandika ni ya upande wa huku. La upande wa kule likipenya, nitalitaja wazi.

Nimestaafu. Wenzangu wa karakana yetu ya kompyuta hapa Moshi mjini waliniomba niwaandikie niliyojifunza kazini, wakanipa na kalamu mpya, kana kwamba kilichokuwa kinanichelewesha ni wino. Vyeo na mishahara nitaviruka. Cheo hakijawahi kunisaidia kufungua skrubu iliyolika kichwa, na mshahara kila mtu anaujua wa kwake.

Siku yangu ya kwanza nilifika nikiwa na cheti cha chuo cha ufundi na suruali iliyopigwa pasi. Mkuu wa karakana alikuwa Mzee Kassim, mzaliwa wa hapa hapa mjini, mhandisi wa umeme aliyesoma hadi mbali na kurudi bila kubadilisha lafudhi, mtu ambaye hakucheka kabla ya chai ya saa nne. Wakati huo tulitengeneza mashine za kuchapa, mashine za kujumlisha na majokofu. Alinisimamisha mbele ya jokofu la mwenye bucha mmoja, akaniuliza lina nini.

"Wanasema gesi imeisha," nikajibu.

"Kina nani wanasema?"

"Walioleta, mzee."

"Basi nitawaajiri hao. Wewe rudi nyumbani ukabadilishe suruali."

Sikurudi. Nilibaki nalo hadi nikaweza kusema jambo nililoliona mwenyewe. Mota ilikuwa inazunguka. Gesi ilikuwamo. Ila nyuma, kwenye vyuma vinavyotoa joto nje, msaidizi wa bucha alikuwa amegeuza pahala pa kuanikia matambara, na matambara yale yalikuwa yamegandamana kwa mafuta ya nyama hadi hewa haipiti. Tulipoyabandua, jokofu likagandisha barafu jioni ile ile. Mzee Kassim hakunipongeza. Alisema tu: "Joto halifi, linahama. Kazi yako ni kujua limehamia wapi, na nani kalizuia njiani." Baadaye nilisoma vitabu vinene juu ya jambo hilo. Vilisema vilevile, kwa kurasa nyingi zaidi.

Kompyuta zilipoanza kuingia mkoani zilipewa heshima ya bibi harusi: chumba chake, pazia lake, na kila aingiaye avue viatu mlangoni. Vumbi halikuvua viatu. Katika kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa, ambacho sitakitaja, kompyuta ya mizani ilizimika kila msimu wa mavuno. Mlinzi alisema ni jini. Mhasibu alisema ni umeme. Meneja alisema ni mlinzi. Nilipofungua kasha nilikuta makapi ya kahawa yameshikamana juu ya feni kama blanketi la sufu, na chini ya blanketi hilo mashine ilikuwa inajipika yenyewe. Nilitumia brashi ya rangi, ile ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi, ambayo hadi leo naihesabu kuwa chombo bora kuliko vyote nilivyokabidhiwa na mwajiri. Jini liliondoka bila kuaga.

Nilipelekwa pia Masama, kwenye ofisi ya usharika, ambako kompyuta ilisemekana inatoa harufu ya kuzimu. Harufu ilikuwapo, hilo nalithibitisha. Ilikuwa ni mwezi wa Julai, ukungu umekaa juu ya migomba tangu asubuhi, na mjusi mmoja mwenye akili kuliko sisi sote alikuwa amegundua mahali pekee penye joto katika kijiji kizima. Alifia humo akiwa, nadhani, ameridhika. Neno "nadhani" mtaona silitumii ovyo.

Haya nayaeleza ili muelewe kwamba nilipofika kwenye kesi yangu ya mwisho, ile ya Shamsa, nilikuwa nimekwisha kuona joto la kila namna, ila sikuwa nimewahi kuona linabebwa na maji ndani ya kompyuta.

Shamsa ana studio ya picha na video karibu na soko. Babu yake mmoja alikuwa Mwarabu, bibi yake mmoja alikuwa Mpare, naye mwenyewe husema ni Mmoshi tupu. Anapiga harusi, kipaimara na sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, kisha huketi kwenye kompyuta akaunganisha vipande vyote viwe filamu moja. Aliingia karakana siku ya Jumatatu, katika joto la Februari linalolainisha lami, amekumbatia kasha la kompyuta kama mtoto mgonjwa. Nyuma yake alifuata Msafiri, mfanyabiashara wa vifaa vinavyotoka Dar es Salaam, amebeba boksi jipya lenye picha ya theluji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ina nini?"

"Inanifia mikononi, baba. Nikiiambia iunganishe filamu, inakwenda, inakwenda, halafu pwu! Giza. Narudia, pwu! Mimi nimebaki kuisomea dua."

"Dua ni yako na Mungu wako. Mimi niambie filamu ya nani."

Hapo ndipo nilipolielewa jambo lenyewe. Kulikuwa na harusi Machame siku ya Jumamosi. Familia ilitaka filamu ya bibi harusi, tangu utoto wake hadi sendofu, ionyeshwe ukumbini mbele ya wageni wote. Mwenyekiti wa kamati ya harusi alikuwa mjomba wa binti, Mzee Aikaeli, na mzee huyo alikwisha kumpigia Shamsa simu na kumwambia kwamba filamu isipokuwapo siku hiyo, shughuli zote za ukoo zitahamia kwenye studio moja ya Arusha.

"Na ukoo ule, baba, una mabinti kama migomba," Shamsa alisema. "Ukikata mmoja, chini kuna wengine watatu wanachipua. Mimi ndiyo shamba langu lile. Wakienda Arusha nafunga studio, nauza maandazi, na maandazi yangu unayajua."

Niliyajua. Nikaona uzito wa jambo.

Msafiri akaweka boksi mezani. "Mzee usihangaike, dawa hii hapa. Kipozeo cha maji. Kitu cha matajiri kwa bei ya mlalahoi. Hiki ukikifunga, unaweza kuweka soda juu ya kompyuta ikaganda."

"Umekitumia?"

"Mimi mwenyewe bado, ila kuna jamaa Kariakoo..."

"Jamaa ana jina?"

"Ana jina, mzee, sema limenitoka. Halafu shemeji yangu anacho, kule Masama. Anasema kompyuta yake baridi kama maji ya mfongo wa mlimani."

"Uliigusa?"

"Alinitumia picha."

Nilimweleza Msafiri, kwa upole ninaoujua mimi, kwamba picha haina joto wala baridi. Tena kifaa chochote cha kupoza hutupa joto kwenye hewa iliyokizunguka, hakiwezi kuishinda hewa hiyo. Masama wakati wa ukungu hata pasi huhangaika kupata moto. Hapa mjini, chini ya bati, saa nane mchana, ndipo penye mtihani. Kwa hiyo nilitoa amri moja: hakuna mtu atakayesema kipozeo ni kizuri au kibaya mpaka tukione kikifanya kazi humu ndani, katika joto hili, kwa filamu hii hii.

Fundi mwenzangu alikuwa Elirehema, mtu wa Machame, baba wa watoto wanne, ambaye ndiye angepokea funguo nikiondoka. Tulianza na jambo ambalo mafundi wengi huliruka: tulitoa nakala ya picha zote za Shamsa, tukaiweka diski hiyo kwenye droo yangu, mbali na maji. Ukitaka kucheza na maji karibu na umeme, kwanza wahamishe watoto.

Kisha tuliiacha mashine ife mbele yetu. Ilikufa. Prosesa, kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote, ilifika karibu na nyuzi mia, ikajizima ili isiungue. Nikamwambia Elirehema asafishe feni ya zamani na kubadilisha dawa nyeupe ya kupitisha joto, ambayo ilikuwa imekauka kama ugali wa juzi. Mara nyingi hiyo peke yake hutosha, na mteja huenda zake na boksi lake ambalo halijafunguliwa. Safari hii haikutosha. Ilikwenda mbali zaidi kidogo, hadi kwenye kipande cha bibi harusi akiwa darasa la saba, halafu pwu, kama Shamsa alivyosema. Chuma na feni yake vilikuwa vidogo kuliko kazi.

Basi tukafungua boksi la theluji. Nieleze kilichokuwamo, kwa faida ya ambao hawajakiona. Kuna pampu ndogo ya duara inayokaa juu ya prosesa, na chini yake bamba la shaba. Kuna mipira miwili myeusi. Kuna rejeta, sawa na ya gari ila nyembamba, na feni mbili za kuipulizia. Vyote vimefungwa tangu kiwandani, maji yakiwa ndani. Huongezi wala hupunguzi. Kulikuwa na karatasi ya maelezo iliyoandikwa Kichina, na kwa Kiingereza cha mtu aliyekuwa anawahi basi. Vibano vya kukamatia pampu vilikuwa vya plastiki nyepesi, na skrubu zake laini mno; kazeni kwa vidole viwili, si kwa hasira. Kulikuwa pia na taa zinazobadilika rangi. Shamsa alizipenda. Nilimwarifu kwamba taa hazipozi chochote.

"Najua, baba. Lakini zinapendeza."

"Kwenye taarifa yangu hakuna safu ya kupendeza."

Kabla ya kukikaribisha ndani ya kompyuta, tulikitandikia gazeti mezani, tukaiunganisha pampu peke yake na umeme, tukaiacha izunguke kutwa kucha. Asubuhi nilipapasa gazeti kila upande. Lilikuwa kavu. Nikakigeuza, nikakipinda mipira kidogo pale inapoingilia, nikapapasa tena. Kavu. Hivyo lile la kwamba vyote huvuja likawa si kweli, walau kwa kimoja. Kwa vingine sina ushahidi.

Elirehema ndiye aliyekifunga, na alikifunga kama mtu wa Machame.

Wasomaji wa mjini nitawafafanulia. Huko juu maji huja kwa mfongo, mfereji ambao mababu waliuchimba kutoka mtoni, ukizunguka mabega ya mlima hadi kwenye migomba ya kila mtu kwa zamu. Babu yake Elirehema alikuwa msimamizi wa mfongo wao, na Elirehema mwenyewe hadi leo hupanda kwenda kuuzibua siku ya kazi ya ukoo, kwa sababu asiyezibua hapewi maji na hasemeshwi. Mtu aliyelelewa hivyo anajua jambo moja kabla hajajua kusoma: maji hutelemka. Ukimwona mtu anasema maji yake yanapanda, ama amenunua pampu ama ni mwongo.

Kwa hiyo aliichukua ile rejeta akaifunga chini kabisa ya kasha, kwenye matundu ya feni, pampu ikabaki juu.

"Nimeyatelemshia, mzee," alinieleza, akijifuta mikono kwa fahari. "Maji ya moto yanashuka yenyewe hadi kwenye rejeta. Pampu inabaki na kazi ya kuyarudisha tu. Nusu ya safari ni bure."

"Hapo umepiga mahesabu, kaka," Msafiri alisema.

"Hata mimi naona," Shamsa alisema, ingawa maji yake yote maishani yametoka bombani.

Watu watatu walikuwa wamekubaliana. Hicho si kipimo. Nilisema neno moja: "Washa."

Mwanzoni ilikuwa ni sherehe. Joto lilishuka, taa zikapita bluu na kijani, Msafiri akaanza kunieleza idadi ya vipozeo atakavyoagiza. Kisha tukasikia mlio. Ulianza kama mtu anayesukutua, ukawa kama maharage yanayochemka. Joto likaanza kupanda, pole pole kwanza, halafu kwa haraka ya mtu anayekimbilia chakula. Bibi harusi alipofika darasa la saba, giza.

Shamsa alijitupa juu ya kiti. Msafiri ndiye aliyesema, na alisema mengi: kwamba mzigo ule ulikuwa na vichache vibovu, kwamba alikwisha kusikia, kwamba vya rangi nyeupe ndivyo halisi. Mchana ule habari ilifika sokoni kabla ya sisi kufika kwenye chai. Muuza viatu wa jirani alikuja kutupa pole akasema amesikia kipozeo kimemwaga mafuta. Nilimwonyesha sakafu. Akaitazama, akasema, "Mmeshapiga deki," akaondoka na imani yake.

"Nirudishieni kile cha zamani, baba," Shamsa alisema mwishowe. "Nitakata filamu vipande. Nitawaonyesha nusu. Nitawaambia nusu nyingine iko njiani."

"Mzee Aikaeli atakubali nusu?"

"Mzee Aikaeli hakubali hata soda iliyopungua povu."

"Basi kaa."

Nilikitoa kipozeo kizima, nikakishika mbele ya sikio langu kama anayechagua dafu, nikakiinamisha kushoto. Kitu kikakimbia ndani kwenda kulia. Nikakiinamisha kulia. Kikakimbia kushoto. Nikampa Elirehema.

"Sikiliza. Nini hicho?"

Akasikiliza. "Hewa, mzee. Hawakukijaza sawasawa."

"Ndiyo bei nafuu yake hiyo. Sasa niambie: kwenye mfongo hewa hukaa wapi?"

"Mfongo uko wazi juu. Hewa inajiendea."

"Na humu?"

"Humu imefungiwa."

"Ikifungiwa, itapanda hadi wapi?"

"Hadi mahali pa juu kuliko pote." Akatazama kasha. Akatazama rejeta yake pale chini, kisha pampu pale juu, na nikauona uso wake ukibadilika pole pole. "Kwenye pampu."

"Na pampu ikimeza hewa?"

"Haisukumi maji, inasukuma upepo." Akajipiga paji la uso. "Yesu wangu. Nimechimba mfongo unaomwagilia hewa."

Shamsa alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile. "Kaka Eli, babu yako angekunyima zamu."

"Angeninyima na ndizi."

Ukweli ni kwamba maji ya mfongo yana mwanzo na mwisho, na haya hayana. Yanayoshuka upande mmoja yanasukuma yanayopanda upande mwingine, kama watu wawili kwenye mzani, kwa hiyo mtelemko haumpi mtu safari ya bure. Kinachohesabika ni mahali hewa itakapojikusanya. Rejeta inapaswa kukaa juu, hewa itulie kwenye kona yake huko bila kumsumbua mtu, pampu ibaki chini ndani ya maji.

Kasha la Shamsa lilikuwa la zamani, juu halina tundu hata moja. Tulitoa kila kitu, usiache hata waya, kwa maana chembe moja ya bati ikidondoka kwenye saketi imekwisha kazi. Elirehema alitoboa, akapiga tupa kingo zote, akapangusa, akapiga upepo, akapangusa tena. Alifanya hivyo kwa unyenyekevu wa mtu anayelipa faini ya ukoo. Kisha akaifunga rejeta juu, feni zikipuliza nje.

Tulingoja saa nane mchana, bati limepata moto, kipimajoto cha ukutani kiko nyuzi thelathini na tatu. Nikasema, "Washa." Pampu iligugumia kidogo, ikameza mate, ikanyamaza. Filamu ikaanza. Bibi harusi akapata kipaimara. Akafika darasa la saba. Shamsa alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Akavuka darasa la saba. Akamaliza sekondari, akavaa joho, akafika kwenye sendofu, shangazi zake wakacheza, keki ikakatwa. Joto la prosesa lilipanda hadi nyuzi sabini na nne, likakaa hapo hapo kama mgeni aliyekaribishwa. Filamu ikaisha nzima.

Hakuna aliyepiga makofi. Shamsa aliinama, akasema "Alhamdulillahi," kisha akasema, "Irudie, baba. Nataka kuona tena." Tuliirudia. Ikamaliza tena.

Taarifa yangu kwa wenzangu ni hii. Kipozeo kile cha bei nafuu kinafaa, kwa masharti. Rejeta ikae juu. Kipimwe juu ya gazeti kabla hakijaingia ndani. Vibano visikazwe kwa nguvu, na mteja aambiwe kwamba akisikia maharage yanachemka, azime na kuja. Nilikilinganisha pia na kipozeo kikubwa cha chuma na feni tulichokuwa nacho karakana, ambacho hakina tone la maji: tofauti ilikuwa nyuzi chache tu, na chuma hakitavuja hata siku moja. Kwa hiyo Shamsa angeniuliza kabla ya kununua, ningemwambia anunue chuma, maana kwa mtu ambaye kazi yake haingoji, kisicho na mambo mengi ndicho cha kutegemea. Hakuniuliza kabla. Wateja huuliza baada. Tena kile chuma chetu kilikuwa kirefu, kifuniko cha kasha lake kisingefungika, na Jumamosi ilikuwa inakuja. Msafiri alitaka niandike kwamba kifaa ni bora mkoani. Niliandika kwamba kimoja, kilichofungwa ipasavyo, kilifanya kazi iliyotakiwa. Alisema hayo si maneno ya kuuzia. Nilikubaliana naye.

Shamsa alinialika harusini, na Elirehema akaniambia nisipokwenda watu wa kwao watasema nimewadharau. Sikujua kama ni kweli, nikaenda kuhakikisha. Ukumbi ulikuwa umepambwa vitambaa, mbele kuna kitambaa cheupe cha kuonyeshea filamu. Mzee Aikaeli, mwenye fimbo na koti zito lisilojali Februari, alisimama mlangoni akihesabu wageni kwa macho. Shamsa alimpita akamwamkia. Aliitikia bila kugeuka.

Filamu iliwashwa. Sitaieleza, nilikuwa nimekwisha kuitazama mara mbili nikiangalia joto tu, na ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimeiona. Bibi mzaa mama wa binti, aliyeketi mbele yangu, alipoiona sura ya mjukuu wake akiwa mdogo na meno mawili hayapo, alisema kwa sauti, "Ona pengo hilo! Na leo anaolewa!" Ukumbi mzima ukacheka, bwana harusi naye. Haikukatika. Ilifika mwisho, taa zikawashwa, wanawake wakapiga vigelegele.

Wakati wa chakula ndafu ilikuwa katikati ya ukumbi, mbuzi mzima aliyechomwa akakauka vizuri, majani yakiwa mdomoni. Watu walipanga mstari. Shamsa alibaki kwenye meza ya pembeni na vifaa vyake, sahani yake ina ndizi na kachumbari tu. Niliona Mzee Aikaeli akimtazama kwa mbali. Akaja na fimbo yake hadi pale tulipoketi.

"Meku," alinisalimu mimi kwanza kwa Kichaga, yaani mzee mwenzangu, kama ilivyo desturi. Kisha kwake: "Mbona huli, mwanangu?"

"Nimeshiba, mzee."

"Uongo. Aliyetutengenezea filamu ile hawezi kuwa ameshiba, amekonda." Akainama. "Unaogopa mbuzi. Mbuzi huyu amechinjwa na Bakari wa bucha. Nilimfuata mimi mwenyewe mjini, nikamleta, nikasimama pale akichinja. Sikuambiwa. Niliona."

Nilimwangalia mzee huyo kwa heshima ambayo sikuwa nimeitarajia.

"Na mdogo wake bibi harusi ana kipaimara mwaka huu," akaendelea. "Usije ukaniambia siku hiyo una kazi nyingine."

"Sina, mzee."

"Vizuri. Arusha kuna foleni sana." Akaenda kwenye ndafu, akawapita waliopanga mstari bila kuomba radhi, akakata kipande cha bega, akakileta kwenye sahani, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili.

Elirehema ameniambia kwamba kipozeo hicho kingali kinazunguka hadi sasa bila mlio. Elirehema ni mkweli, lakini sijakwenda kusikiliza. Kwamba Msafiri amejaza duka vipozeo na kusema nimevisifu, hilo nimelisikia sokoni, na sitashangaa. Kwamba mbuzi alichinjwa na Bakari, hilo nalo nililisikia kwa Mzee Aikaeli, sikuwapo. Ninaloweza kuliapia mwenyewe ni kwamba Shamsa alisema bismillahi, akaimega ile nyama ya bega, akala, akaimaliza, kisha akanigeukia akaniuliza kama pilipili iko upande wangu.